Unataka kuwa mpiga piano wa konsati na mwalimu wa konsavatori? Fanya hivi, ukianzia huku kwetu

Hili swali linakuja sana, hasa kwa vijana wanaopiga kinanda kanisani, wa Dar, Arusha, Nairobi mpaka Bujumbura: mtu anafanyaje mpaka akae mbele ya orkestra peke yake na piano lake, alafu awe pia mwalimu kwenye zile shule kubwa za muziki ziitwazo konsavatori? Naandika kwa urefu maana majibu ya mistari miwili hayamsaidii mtu.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba hizi kazi mbili zinatembea pamoja tangu zamani. Wengi huku wanadhani kufundisha ni kwa waliokosa jukwaa, na kwasababu hiyo wanasubiri mpaka wakwame ndo waanze kutafuta wanafunzi. Mi nasema anza zote mbili mapema, na mtu wa kumwangalia hapa ni Leon Fleisher, mpiga piano wa Kimarekani.

Fleisher alizaliwa San Francisco 1928. Akiwa na miaka 9 tu akapokelewa na mpiga piano mkubwa Artur Schnabel, na mwaka 1938 akapelekwa Italia, kwenye ziwa Como, kusoma kwake. Sasa Schnabel alikuwa mwanafunzi wa Leschetizky, Leschetizky alisoma kwa Czerny, na Czerny alisoma kwa Beethoven mwenyewe, yaani ni silsila kama ya masheikh, kila mtu anajua elimu yake imetoka kwa nani. Miaka 16 Fleisher yuko Carnegie Hall anapiga konserto (kazi ya piano na orkestra) ya kwanza ya Brahms na New York Philharmonic, hiyo ni 1944. Mwaka 1952 akashinda mashindano ya Queen Elisabeth kule Brussels, Mmarekani wa kwanza kuyashinda. Alafu 1959, akiwa juu kabisa, simu zinaita kila upande, akachukua kazi ya kufundisha konsavatori ya Peabody kule Baltimore. Hapo ndo pa kupatazama vizuri, kwasababu miaka mitano baadaye, 1964, vidole viwili vya mkono wake wa kulia, cha pete na kile kidogo, vikaanza kujikunja vyenyewe kuelekea kiganjani na vikagoma kunyooka. Zaidi ya miaka 30 hakuweza kufanya kazi kama zamani kwa mikono miwili. Akapiga muziki wa mkono wa kushoto, ikiwemo ile konserto ambayo Ravel alimwandikia Paul Wittgenstein, Muaustria aliyepoteza mkono wa kulia kwenye Vita Kuu ya Kwanza, akaongoza orkestra, na muda wote huo akafundisha. Wapiga piano maarufu kama André Watts na Yefim Bronfman walipita kwake. Miaka ya 90 sindano za Botox zikamsaidia mkono ukafunguka, 2004 akatoa rekodi ya mikono miwili, na aliendelea kufundisha mpaka uzeeni, amefariki 2020. Angesubiri mkono uharibike ndo aombe kazi ya ualimu, sidhani kama hadithi ingekuwa hii.

Haya, tuje kwako.

Chombo

Kinanda cha funguo 61 cha kwaya hakikufikishi huko. Kinakufundisha kodi na spidi ya kumfuata mwimbaji, na hiyo ni faida kubwa nitairudia chini, ila vidole vinabaki vyepesi kwasababu funguo zake hazina uzito. Tafuta piano ya umeme yenye funguo 88 zenye uzito wa nyundo, ndo kiwango cha chini kabisa. Na ile batani ya transpozi, ambayo wapigaji wetu wengi wanaibonya ili kila wimbo waupige kwenye do moja, usiiguse tena. Jifunze funguo zote 12 za muziki, yaani do ikianzia nota yoyote, kwa vidole vyako, maana siku ya skeli za mtihani hamna batani.

Alafu hakikisha kila wiki unagusa piano la kweli la nyuzi hata kama si lako. Kwenye makanisa ya zamani yapo, shule za kimataifa yapo, mahoteli mengine yapo, nenda kaombe kwa adabu upewe saa moja asubuhi kabla watu hawajajaa. Pedali, uzito wa nyundo, sauti inavyokufa polepole baada ya kubonya, hivyo vyote unavijua kwenye la nyuzi tu. Ukibahatika kuwa nalo nyumbani na unakaa pwani, jua unyevu na chumvi ya bahari ndo adui zake, mbao zinavimba funguo zinakwama, nyuzi zinashika kutu. Liweke ukuta wa ndani, mbali na dirisha na mbali na upepo wa AC, na fundi aje kulityuni angalau mara mbili kwa mwaka.

Kusoma nota

Wengi wetu tumekulia kwenye solfa, d r m f, karatasi ya kwaya haina hata mstari mmoja wa nota. Usiidharau hata siku moja. Mtu wa solfa ana sikio ambalo wanafunzi wengi wa Ulaya wanalitafuta kwa shida darasani, akiona m anaisikia kichwani kabla hajaimba. Kinachotakiwa ni kuhamisha hilo sikio kwenda kwenye mistari mitano, na njia nzuri kuliko zote ninayoijua ni Invensheni namba 1 ya Bach, ile ya C, kipande kifupi cha sauti mbili.

Fungua ukurasa. Mkono wa kulia unaanza: do re mi fa re mi do, alafu so. Imba kwanza kwa solfa kama unavyoimba kwaya, huku kidole kinafuata nota kwenye mistari. Nusu ya baa (kile kipimo kati ya mistari miwili ya wima) ikipita tu, mkono wa kushoto unasema maneno yaleyale, do re mi fa re mi do, oktavu moja chini. Sasa fanya hivi: piga mkono wa kulia peke yake na kwa mdomo imba ule wa kushoto. Utakwama, kila mtu anakwama, punguza spidi mpaka isikwame hata kama ni polepole kama mtu anayesinzia. Kisha geuza, piga kushoto na imba kulia. Ukifika baa ya pili utaona wazo lilelile limehamia juu ya so, na kuanzia hapo mpaka mwisho, baa 22 zote, Bach analizungusha, analipindua juu chini, analipeleka kwenye ufunguo mwingine, na wewe unalitambua kila linapoingia kwasababu umeliimba. Ukimaliza hicho kipande kwa njia hii umejifunza kusoma nota, kusikiliza sauti mbili kwa wakati mmoja na kukariri, vyote kwa pamoja.

Mazoezi ya kila siku

Watu wanapenda kujisifia masaa, eti nane, eti kumi. Chopin alikuwa anawaambia wanafunzi wake wasipitishe masaa matatu kwa siku. Kwa mtu anayejiandaa kuingia konsavatori mi naona masaa matatu mpaka manne yenye akili yanatosha, lakini yenye akili kweli. Kaa na baa nne ngumu. Jiulize shida iko wapi hasa: kidole gumba kinachelewa kupita chini? mkono wa kushoto unaruka mbali na jicho haliko pale? bega limepanda juu? Ukishaijua, tatua hiyo moja tu, alafu piga baa moja kabla na moja baada ili ishikane na wenzake. Kupiga kipande kizima mara ishirini kuanzia mwanzo mpaka mwisho huku unakosea palepale ni kuufundisha mkono kukosea.

Simama kila baada ya nusu saa hivi, tembea, kunywa maji, tikisa mikono. Ukihisi maumivu acha siku hiyohiyo, usisikilize mtu anayesema uvumilie. Ule ugonjwa wa Fleisher unaitwa distonia, kwa kawaida hauumi kabisa, ndo ubaya wake, kidole kinaacha kutii tu, na inakadiriwa unampata kama mtu 1 kati ya wanamuziki 100 wa kulipwa. Kwahiyo kidole kikianza kujikunja chenyewe au kuchelewa bila sababu, usiongeze mazoezi, nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu mapema. Fleisher mwenyewe alisema alipoona dalili alizidisha mazoezi, na aliwaonya sana vijana kuhusu hilo.

Mitihani na shule

Huku kwetu ngazi inayojulikana ni gredi za ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, 1 mpaka 8. Kumbuka huwezi kufanya gredi ya 6, 7 au 8 kabla hujafaulu nadharia ya gredi ya 5 (au mtihani mwingine wanaoukubali badala yake), watu wengi wanashtukia hili mwishoni na wanapoteza mwaka mzima. Baada ya gredi 8 kuna diploma zao, ARSM, LRSM. Hizi karatasi hazikuingizi konsavatori zenyewe, ila zinakupa ratiba na zinamfanya mzazi aamini una safari. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music tangu 1944, Kenyatta University wana idara ya muziki, Arusha kuna chuo kikuu cha Tumaini Makumira wenye digrii ya muziki. Kama uwezo wa kwenda nje bado, anzia hapo na uwe bora kuliko kawaida.

Sasa audisheni ya nje, yaani kupiga mbele ya majaji ili uingie shule. Karibu kote wanataka kitu kama hiki, vyote kwa kichwa bila karatasi: preludi na fuga ya Bach, sonata nzima ya Haydn, Mozart au Beethoven, etudi (vipande vigumu vya mazoezi) moja au mbili za Chopin au za kiwango hicho, kazi moja kubwa ya karne ya 19, na kitu cha karne ya 20 au zaidi. Hiyo ni kama saa moja ya muziki. Anza kuiandaa mwaka mmoja na nusu kabla, usiichague kwa kiburi. Sonata rahisi iliyopigwa kwa uzuri inawavutia majaji kuliko etudi ya kutisha inayoyumba, na hili nalisema kwa uhakika wote.

Kabla ya kuitwa utatuma video. Kila kipande kwa mpigo mmoja bila kukata, kamera ikae upande wa kulia ionyeshe mikono na uso, piano liwe limetyuniwa wiki hiyohiyo. Shule nyingi za Marekani zinafunga maombi tarehe 1 Desemba, kwahiyo rekodi mwezi wa tisa au wa kumi usisubiri siku za mwisho umeme ukatike.

Kuhusu pesa: shule ya muziki ya Curtis ya Philadelphia haitozi ada ya masomo tangu 1928, ila wanachukua watu wachache mno. Ujerumani vyuo vya serikali vya muziki kwa sehemu kubwa havina ada, unalipa mchango mdogo wa muhula, isipokuwa sehemu chache kama jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu 2017 linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini Ujerumani watakutahini pia nadharia na sikio, watapiga kodi uitambue, watapiga melodi uiandike, na hapo mtu wetu wa solfa anacheka. Na anza Kijerumani leo, lugha ndo inawaangusha wengi na sio vidole.

Kusindikiza waimbaji

Hapa naomba usome taratibu maana ni mlango ambao wengi hawauoni. Kwenye konsavatori kila mwimbaji, kila mpiga violini, kila mpiga filimbi anahitaji mtu wa piano kwenye masomo, mitihani na audisheni zake. Wapigaji wengi wa solo wanaiona hii kazi ndogo, hawajui kumfuata mtu. Wewe uliyekulia kanisani, ambaye mama kwaya amewahi kuanza wimbo kwenye ufunguo wake mwenyewe bila kukuuliza na ukamfuata, alafu ubeti wa tatu akaruka na ukaruka nae, wewe una kipaji cha thamani kubwa hapo. Jitolee kuwasindikiza wanafunzi wenzio tangu muhula wa kwanza. Utasoma nota kwa haraka, utajuana na walimu wa idara zote, utalipwa kidogo, na wengi walioajiriwa kufundisha konsavatori walianza kwa kuajiriwa kama wasindikizaji palepale.

Mashindano

Yapo makubwa: Chopin la Warsaw tangu 1927, linafanyika kila baada ya miaka mitano, Tchaikovsky la Moscow tangu 1958, Van Cliburn la Texas tangu 1962, Leeds la Uingereza tangu 1963, na hilo la Queen Elisabeth. Mengi yana kikomo cha umri cha miaka 30 au jirani hapo. Ingia kwenye madogo kwanza, ya nchi na ya kanda, uzoee kupiga huku tumbo linakuvuruga.

Ukihisi umetoka mbali mno kuliko wenzio msome mpiga piano wa Vietnam, Dang Thai Son. Kazaliwa Hanoi 1958, mama yake Thai Thi Lien alikuwa mmoja wa waanzilishi wa konsavatori ya pale. Mabomu ya Marekani yakaihamisha shule nzima vijijini, na huko ndo kijana aliendelea kusoma piano. 1974 mpiga piano wa Kirusi aliyetembelea Hanoi, Isaac Katz, akamsikia, 1977 akaenda Moscow, na 1980 akachukua nafasi ya kwanza Warsaw, Muasia wa kwanza. Kwenye mashindano hayohayo mpiga piano maarufu Martha Argerich alijitoa kwenye jopo la majaji kwa hasira kwasababu mshindani Ivo Pogorelich hakupitishwa fainali, na Pogorelich akawa maarufu dunia nzima bila kushinda. Kwahiyo ukitolewa raundi ya kwanza lia siku moja alafu rudi kazini. Dang Thai Son baadaye amefundisha Japani, Canada na Marekani, na mwanafunzi wake Bruce Liu akashinda Warsaw hiyohiyo 2021.

Anza kufundisha sasa

Ukishafika gredi ya 6 au 7 unaweza kumfundisha mtoto anayeanza. Chukua watoto wawili watatu, sio kumi. Kubaliana na mzazi ada ya mwezi inayolipwa mwanzo wa mwezi, na mkubaliane pia somo likikosekana inakuwaje, hayo yaseme siku ya kwanza kwa heshima ili msije mkakosana.

Somo la nusu saa liwe hivi kwa kawaida: mwache apige alichofanyia kazi mpaka mwisho bila kumkatiza, hata kama masikio yanakuuma. Mwambie kitu kimoja kizuri ambacho ni cha kweli, mtoto anajua ukimdanganya. Alafu chagua jambo moja tu la kurekebisha. Usimwambie "baa ya tano umekosea", muulize "baa ya tano umesikia nini?" na umwache atafute. Akiimba kabla ya kupiga, nusu ya makosa yanaondoka bila wewe kusema kitu. Dakika tano za mwisho mfanyie mazoezi ya nyumbani pale mbele yako, yaani mwonyeshe hasa atakavyokaa kesho peke yake, maana watoto wengi hawajui kufanya mazoezi, wanajua kupiga tu. Andika kwenye daftari.

Na wakusanye wote kwa pamoja mara moja kwa mwezi wasikilizane. Schnabel alifundisha hivyo, mmoja yuko kwenye piano na wengine wamekaa wanasikiliza, na Fleisher alisema alijifunza mengi kwenye masomo ya wenzake. Wewe mwenyewe utashangaa jinsi upigaji wako unavyobadilika: ukimweleza mtoto kwanini gumba linapita chini mapema, jioni gumba lako nalo linapita mapema.

Siku ya usaili wa kazi konsavatori

Ukifikia hapo utakuwa na masta au udaktari wa upigaji, Marekani udaktari unadaiwa mara nyingi isipokuwa uwe na jina kubwa. Mapato ya konsati hayatabiriki, wakala anakata asilimia 10 mpaka 20, tiketi na hoteli mara nyingi juu yako, kwahiyo mshahara wa chuo ndo unaokupa uhuru wa kuchagua konsati unazozipenda. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi sana, na unapoitwa watakupima kwa mambo mawili: utapiga konsati fupi peke yako, alafu utaletewa mwanafunzi usiyemjua kabisa umfundishe mbele ya kamati kwa dakika ishirini au thelathini.

Wengi wanaharibu hapo kwenye mwanafunzi. Wanaongea sana ili kamati isikie wanavyojua, wanamsukuma mtoto wa watu kwenye benchi wapige wao. Usifanye hivyo. Msalimie, muulize jina na amekuwa na hiki kipande kwa muda gani, kaa pembeni asikuone unamkodolea macho, msikilize. Chagua mambo mawili yanayoweza kubadilika leoleo, sio yale ya miaka. Mguse muziki kwanza, mkono baadae. Ukiona anatetemeka mwimbishe, mtu akiimba anapumua na mabega yanashuka. Zikibaki dakika tatu nyamaza, mwambie apige tena kuanzia mwanzo bila wewe kusema chochote, kamati isikie tofauti yenyewe. Wakikuuliza maswali baadae uwe na karatasi mbili mkononi: moja ya muziki wote unaoweza kupiga ndani ya mwezi ukiombwa, na nyingine ya wanafunzi wako tangu wale watoto watatu wa mwanzo, wamefika wapi na walianzia wapi.